Mtu wa Kumwamkia

Bibi alikaa mbele ya simu kama mwenye nyumba anayemsikia mgeni mlangoni lakini hajasikia hodi. Simu ilikuwa juu ya stuli, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Yeye alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha, khanga ya pili ameitandika mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kiti na daftari. Kampuni ilikuwa imeniagiza nisiseme neno, niandike tu ninachokiona, na kwa dakika kumi nzima nilichokiona ni hicho: kikongwe na simu, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

"Bibi," nilisema mwishowe, nikivunja agizo, "mbona huongei?"

"Niongee na nani?"

"Na simu. Ipo hapo inakusikiliza."

"Kama ipo na mie nipo, mkubwa nani?"

Simu ilikuwa na umri wa miezi saba.

"Basi ianze yenyewe," alisema Bibi, akaikunja miguu. "Tangu lini mie nikamwanza mtoto?"

Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari, nikijua kwamba kesho yake ofisini hakuna atakayelipenda jibu hilo.

Nilikuwa na miezi miwili kwenye kampuni ile, ukabaki mmoja wa majaribio. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa Kinondoni, na ukuta mmoja ulikuwa wa kioo kuanzia chini mpaka juu. Badala ya viti tulikuwa na magunia laini ambayo ukishayakalia huwezi kuinuka kwa heshima. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: TUNAGUSA MAISHA. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika riwaya moja, ikasomwa na marafiki zangu wote na maadui wawili watatu, na katika vikao vyetu vya waandishi mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote wa kuyacheka maneno kama hayo. Kisha nikaajiriwa kuyaandika. Kazi yangu ilikuwa kuitungia simu maneno ya Kiswahili, ili mtu asiyeona au asiyejua kusoma aitume kwa mdomo tu: mpigie fulani, nisomee ujumbe, niambie saa.

Sikuyacheka tena, kwa sababu ya Bibi.

Alikuja Temeke na Babu kutoka Newala zamani, wakati Babu alipokuwa akichonga mpingo na kuwauzia wageni. Babu alishatangulia. Mimi nilihamia kwa Bibi pale Tandika nilipomaliza chuo, tukawa wawili, na aliniita mke mwenzake, kwa kuwa Babu wakati wa uhai wake aliniita mke wake mdogo. Halafu presha ya macho ikamchukulia nuru yake kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, mpaka ikabaki ile ya dirishani tu, na daktari akasema iliyokwenda haitarudi. Bibi aliyapokea mengi. Alijifunza kupika kwa kunusa na kwa kusikia maji yanavyochemka. Alijua noti kwa kuzipapasa. Jambo moja tu lilimshinda kulipokea, nalo lilikuwa simu.

Dada yake alibaki Newala. Enzi za macho yake, kila asubuhi baada ya uji Bibi alikuwa akichukua kitochi chake, simu ndogo ya batani yenye tochi kichwani, akampigia. Macho yalipokwisha, ikabidi anisubiri mimi. Nami nilitoka alfajiri kuwahi Kinondoni, nikarudi wakati dada yake ameshalala, maana kule hulala mapema na kuku. Ikabaki Jumapili, na Jumapili nilikuwa naandika. Nilimpigia, nikisikia imepokelewa namwekea sikioni, kisha narudi haraka chumbani kwenye kurasa zangu. Jumapili nyingine nilisahau kabisa. Hakulalamika. Alisema tu, "Ukipata nafasi, mke mwenzangu," na neno hilo nafasi likawa linanifuata siku nzima.

"Nataka nimpigie mwenyewe," aliniambia mara moja, nilipomwelezea kazi yangu. "Asubuhi, nikishakunywa uji. Bila ya kumwomba mtu."

"Simu yetu itafanya hivyo, Bibi."

"Hakika?"

"Hakika."

Basi nilikuwa nimeshaahidi.

Mkurugenzi wetu alikuwa kijana mwenzangu, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na vumbi la Tandika. Nilipomsomea taarifa ya siku ya kwanza alifikiri sana.

"Tatizo si bidhaa," alisema. "Tatizo ni mtumiaji. Mwelimishe mtumiaji."

"Mtumiaji ni bibi yangu."

"Ndiyo huyo huyo. Mwelimishe."

Wenzangu walicheka, naye akacheka, kwa hiyo sikukasirika. Nilisema labda ingekuwa rahisi kuielimisha simu. Iwe inaamkia yenyewe pindi inapoinuliwa. Nikaandika mstari mmoja wa neno moja, Shikamoo, mafundi wakauingiza, na jioni ile ofisi nzima ilipiga makofi. Mkurugenzi alisema huo ndio ubunifu wa Kiafrika ambao dunia inausubiri. Mimi nilijua ni kitu ambacho hata mwanamke anayepita mtaani na beseni la vitumbua anakifanya kabla hajalitua.

Nilifika nyumbani nikaitoa simu kwenye mkoba.

"Shikamoo," ikaniambia.

Bibi aligeuza kichwa. "Limekuamkia wewe?"

"Haioni, Bibi. Inamwamkia yeyote aliyeinyanyua."

"Na mie nimekaa hapa."

"Na wewe umekaa hapo."

Alifikiri kidogo. Nilidhani atacheka, kumbe aliihurumia. "Maskini. Linaamkia kila mtu. Halijui mkubwa wake nani, mdogo wake nani. Kama mtu aliyeokotwa." Akanyoosha mkono. "Hebu lilete."

Nikampa. Ikamwamkia.

"Marahaba. Hujambo? Kwenu hawajambo?"

"Samahani, sijakuelewa."

"Hujaelewa nini? Nimekuuliza kwenu."

"Nikupigie nani simu?"

"Ala. Ana haraka huyu. Haya, nipigie dada."

"Tafadhali taja majina mawili ya unayempigia."

Bibi akaishusha simu mapajani.

"Linataka jina la dada?"

"Majina mawili, Bibi. La kwake na la baba. Wanasema ni kwa ajili ya usalama."

"Nilitaje jina la dada yangu? Tumegombana?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba silijui jina la mwanamke yule. Katika simu yangu aliandikwa Bibi Newala. Kwa Bibi alikuwa dada, basi, na aliyekubeba mgongoni humtaji kwa jina, kama vile humnyooshei kidole. Sikumlazimisha. Nilikwenda kwenye orodha ya majina nikaandika Dada, na pale palipotaka jina la pili nikaandika Mkubwa. Programu ikaridhika. Kwake ni mtu kama watu wengine, Dada binti Mkubwa.

Tulifanya mazoezi wiki mbili. Mara ilimsikia, mara haikumsikia, kwa kuwa ilikuwa imefunzwa kwa sauti za vijana wa mjini wanaosema mbio, naye alisema taratibu, akipumzika katikati kama mtu anayepanda mlima. Ilipomsikia, ilizunguka kutafuta mtandao, kisha ikaomba samahani. Sijawahi kukutana na kitu chenye samahani nyingi na majuto machache namna ile. Hata siku moja haikufika Newala. Nililiandika hilo kila siku katika taarifa, na kila siku nilijibiwa kwamba litakaa sawa kwenye toleo lijalo.

Kabla ya toleo lijalo ikaja filamu. Wenye mitaji walitaka kuona maisha yakiguswa, na mkurugenzi akakumbuka kwamba mimi nina bibi.

Bibi alikubali mara moja. Siku hiyo alioga mapema, akavaa khanga ambazo hazijafuliwa hata mara moja, bado zina ule ukakamavu wa dukani. Nilimkuta amejipaka wanja. Alijipaka macho ambayo hayaoni, kwa mkono uliotulia, na mistari yote miwili ilikuwa sawasawa.

"Leo nampigia dada mwenyewe," alisema. "Usiniguse simu. Kaa mbali."

Nilipotoka kuwapokea, mkurugenzi alinivuta pembeni ya gari.

"Mtandao wa kule siuamini," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeandaa mtu, simu itaita kwake." Ndani ya gari alikaa msichana wa mapokezi kutoka ofisini kwetu, ana simu mkononi na karatasi yenye mistari mitatu. "Ni sekunde chache tu. Mwambie bibi ni kama mazoezi."

Nikasema sawa.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika sawa ile kwa namna nyingine, iwe na udhuru, na haikubali. Nilikuwa na wiki mbili kumaliza majaribio. Nilijiambia wakiondoka tu nitampigia dada yake kwa simu yangu, yataisha. Nikaingia ndani nikauona ule wanja, na sikumwambia.

Mkurugenzi, lazima niseme, alijua adabu. Alivua vile viatu vyeupe mlangoni, akapiga magoti, akaamkia, akaweka mfuko wa mchele na sukari mbele ya mkeka. Bibi alimpenda.

"Sie kule ofisini ni familia, Bibi," alimwambia wakati mpiga picha akipanga taa. "Mjukuu wako yuko kwenye mikono ya ndugu."

"Eeh? Mmeshazikana wangapi?"

"Hatujafika huko, Bibi."

"Basi bado hamjawa. Lakini mtafika tu, msiwe na haraka."

Mpiga picha alicheka mpaka taa ikayumba. Kisha Bibi akainua simu.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Nikupigie nani simu?"

"Dada. Mkubwa." Alitamka moja moja, kama nilivyomfundisha.

Simu ikaita. Ikaita mara mbili. "Halo," ikasema sauti ya mwanamke.

Ninachotaka kukieleza hapa ni kidogo sana, na mtu mwingine chumbani huenda hakukiona. Nimeishi na Bibi miaka, na katika miaka hiyo nimemsikia akiitikia tu. Mtaa wote unamwamkia. Wazee wenye fimbo wanaokwenda msikitini husimama dirishani kwake na kuamkia. Yeye huitikia marahaba, marahaba, tangu asubuhi, na sikuwahi kujiuliza kama lipo neno jingine ndani ya kifua chake. Sasa alivuta khanga akafunika kichwa vizuri. Mgongo ukanyooka. Magoti yake, hapo mkekani alipokaa, yakafanya kama yanataka kukunjika. Na kwa sauti nyembamba, sauti ya msichana aliyetumwa kwa mkubwa wake na ameshafika, akasema:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu msichana wa mapokezi kutoka kwenye gari. "Umenipigia mwenyewe? Teknolojia hii nzuri jamani."

Uso wa Bibi uligeuka kuelekea dirishani, kwenye ile nuru iliyobaki. Mkono wenye simu ulishuka polepole mpaka mkekani.

"Huyu ni mtoto," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeeleza alichokipapasa. "Mtoto ameipokea shikamoo yangu."

Taa ilizimwa. Sijui nani alimweleza msichana, lakini aliingia mbio, viatu mkononi, akaanguka magotini kwenye sakafu tupu.

"Nisamehe, Bibi. Mie nilipewa karatasi nisome tu. Shikamoo, Bibi. Shikamoo."

Bibi alimtafuta kichwa kwa mkono, akakipata. "Marahaba, mwanangu. Basi, imerudi mahali pake. Umekula?"

Msichana hakuwa amekula. Alipewa mihogo na chai, akala huku machozi yanamtoka.

Bibi hakunitazama mimi, kwa namna yake ya kutazama, ambayo ni kugeuza sikio. Alijua kwamba nami nilijua. Mtu aliyekuwa akimfundisha kutamka Dada Mkubwa wiki mbili hawezi kuwa hajui.

Mkurugenzi alikuja na karatasi yake mwisho kabisa. Alitaka dole gumba la Bibi. Aliona aibu, nilimwona, lakini alikuwa pia na macho ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Aliniambia pembeni kwamba ile shikamoo ndiyo roho ya filamu, kwamba sauti ya msichana itafutwa, kwamba hakuna mtazamaji ambaye hatalia.

"Karatasi inasema nini?" aliuliza Bibi.

Ilikuwa zamu yangu kusoma. Nilisoma yote, polepole, sikuruka. Ilisema kwamba picha na sauti yake vitatumika popote duniani, kwa muda wote, kwa namna yoyote ambayo kampuni itaona inafaa.

"Ile shikamoo ilikuwa ya dada," alisema Bibi alipokwisha kusikia. "Na haikumfika. Sasa iende dunia nzima, yeye mwenyewe bado hajaipata?"

Akavirudisha vidole vyake ndani ya khanga. Mkurugenzi aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaaga kwa heshima ile ile aliyoingia nayo. Mlangoni aliniuliza kama naweza kuzungumza na Bibi baadaye, maana Bibi hunisikiliza mimi. Nikasema siwezi. Mwezi wangu wa majaribio ulipokwisha nililetewa barua ya shukrani ndefu yenye kunitakia heri katika safari yangu, nami nikairudisha ile simu pamoja na chaja yake.

Lakini kabla ya barua, jioni ile ile ya filamu, nilifungua droo ya kabati nikakitoa kitochi cha zamani. Kilikuwa kimezimika, betri imevimba kidogo. Asubuhi yake sikwenda Kinondoni. Nilikipeleka kwa fundi simu anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko la Tandika.

"Sista, hii ni ya makumbusho," alisema.

"Ya bibi yangu. Haoni. Nataka aweze kumpigia mtu mmoja. Mmoja tu."

"Tunampa namba ya haraka. Abonyeze batani moja, aishikilie, inaita."

"Ataijuaje batani gani?"

Fundi alinitazama kama ninavyotazama mimi mtu aliyekosea methali. Akanishika kidole, akakiweka katikati ya batani.

"Hapo. Unasikia nini?"

Nilisikia kinundu, kidogo kama mbegu ya ufuta, juu ya namba tano.

"Simu za batani karibu zote zinacho," alisema. "Hukuwahi kukisikia kwa sababu unaona."

Akanipa betri nyingine, akafunga kazi kwa muda mfupi kuliko salamu za ofisini kwetu. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Bibi alikuwa amemaliza uji, bakuli liko pembeni yake. Nikakaa mkekani, si kwenye kiti.

"Shikamoo, Bibi."

Alichelewa kuitikia. "Marahaba," alisema mwishowe.

"Nilijua kuhusu yule msichana. Tangu kwenye gari. Sikukwambia."

"Najua."

"Naomba unisamehe."

"Ulikuwa unaogopa kazi yako."

"Ndiyo."

"Mke mwenzangu," alisema, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu na kilichomo, "bora ungeniambia tu mazoezi. Ningeyafanya. Ningemwamkia hata kijiko." Kisha akakitambua alichokishika. "Hiki si kitochi changu?"

Nilikiweka kidole chake juu ya tano. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili; vidole vilivyochambua mchele miaka yote ile vilikipata kinundu, vikakiacha, vikakirudia, vikakiacha tena kwa ajili ya raha ya kukirudia. Akabonyeza, akashikilia. Nilisikia simu ikiita mbali, kwenye ule mlima wenye upepo ambao nimeuona mara mbili tu maishani. Iliita sana. Bibi alivuta khanga kichwani.

Ikapokelewa. Upande wa pili mtu alikohoa, jogoo akawika karibu na simu.

"Shikamoo, dada," alisema Bibi.

"Marahaba." Sauti ilikuwa kavu, ya juu, sauti ya mtu anayedhani umbali hushindwa kwa kelele, na hata mimi niliisikia yote. "Umepotea wapi wewe mtoto?"

Bibi alicheka. Alijikunja akacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Alijaribu kujibu akashindwa, akajaribu tena. Kisha wakahamia kwenye Kimakonde, ambacho sikijui, na mkono wake wa kushoto ukaanza kunipungia, kwanza polepole, halafu kwa haraka, niondoke, niwaache.

Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha.